Asidi laktiki kutoka mabaki ya muhogo: pipa ni rahisi, maji ndiyo kazi

Swali: "Hujambo daktari. Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Ukerewe, tunachakata muhogo kupata unga na wanga. Tuna mashine ya kukwangua na ya kukamua. Maganda yanalundikana, na maji meupe ya kuoshea wanga tunayamwaga. Mwanangu yuko chuo, ameniambia bakteria wanaochachusha togwa ndio wanaotengeneza asidi laktiki, na kwamba asidi hiyo ndiyo inayotoa plastiki inayooza. Tunaweza kuitengeneza kwa mabaki yetu tukaiuza Mwanza? Na magugu maji haya yaliyojaa ufukweni nayo yanafaa?"

Jibu: Shikamoo mama. Mwanao hajakudanganya. Bakteria wa kwenye togwa kweli wanatengeneza asidi laktiki, muhogo kweli ni malighafi yake nzuri, na plastiki inayotokana nayo ipo. Ila amekueleza ile sehemu rahisi. Kuipata asidi ndani ya pipa mtaweza hata wiki ijayo, hapo hapo kisiwani. Kuitoa humo ikiwa safi, nzito na inayouzika ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayokula pesa. Kwa hiyo nakupa msimamo wangu mapema: asidi ya kuuza kwenye madumu msiitengeneze. Itengenezeni ibaki mahali pake, ndani ya chakula cha mifugo na cha samaki, ifanye kazi yake ya kuhifadhi, nanyi muuze hicho chakula. Nitakueleza sababu kwa hesabu, maana sitaki uniamini kwa kuwa tu naitwa daktari.

Asidi hii aliitoa kwanza mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, kwenye maziwa yaliyochacha, mwaka 1780. Mwaka 1857 Louis Pasteur akaonyesha kwamba uchachu huo unaletwa na vijidudu hai. Vijidudu hivyo wapo wa namna mbili. Wa kwanza huigawa glukosi moja ikawa asidi laktiki mbili, bila kupoteza kitu. Kwa hesabu ya karatasini, kilo moja ya sukari inarudisha kilo moja ya asidi. Wa pili hutoa nusu tu, na nusu nyingine inaishia kwenye kaboni dayoksaidi pamoja na pombe au asidi ya siki. Mwenye kiwanda anawataka wa kwanza peke yao.

Togwa yako ina wote. J. K. Mugula wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walichunguza togwa za Tanzania, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Humo walikuta Lactobacillus plantarum na Pediococcus pentosaceus, lakini pia Lactobacillus brevis, Lactobacillus fermentum, Weissella confusa, na hamira za aina kadhaa. Kwa kinywaji mchanganyiko huo ni mzuri sana, ndio unaoipa togwa ladha na harufu yake. Kwa asidi ya kiwandani ni vurugu, kwa sababu kila mmoja anatoa kitu chake.

Kuna jambo jingine ambalo wewe mwenyewe unalijua kwa mikono bila kuambiwa na mtu wa maabara: bakteria wengi wa asidi laktiki hawali wanga. Wanataka sukari. Ndiyo maana anayepika togwa hutia kimea. Kimea kina vimeng'enya vinavyoukata wanga wa uji kuwa sukari, halafu ndipo bakteria waanze kula. Viwanda vikubwa hununua vimeng'enya vilivyotengenezwa maalumu, lakini kimea cha ulezi kinafanya kazi ile ile kwa gharama ya kijijini. Kimea cha mtama kinafaa pia, ila mtama ukichipua unajaza sumu ya sayanidi kwenye mizizi na machipukizi yake, hivyo lazima yapukutwe yote kabla ya kusaga. Mimi nikiwa na ulezi, mtama siugusi.

Mkitaka kuona kwa macho, fanyeni jaribio dogo. Chukueni kilo 10 za muhogo uliomenywa, mkwangue, mkamue maji yake yatoke na sayanidi. Upikeni uwe uji wa lita 30 hivi. Utakuwa mzito, mwiko unasimama. Uacheni upoe hadi nyuzi 65, hapo mtie kilo moja ya unga wa kimea cha ulezi huku mkikoroga. Msikisie joto kwa kidole, tumieni kipimajoto. Ukizidi nyuzi 70 mnaua vimeng'enya. Katika nusu saa ya kwanza mtaona uji ule mzito unalegea, mwiko unaanguka wenyewe, na ukionja unakuta utamu ambao haukuwapo. Ushikilieni kwenye nyuzi 60 hadi 65 kwa saa moja au mbili. Ukifika nyuzi 35, tieni lita moja na nusu ya togwa nzuri ya jana na mfunike bila kukaza. Baridi ya usiku inaweza kuwachelewesha bakteria, hivyo zungusheni pipa pumba za mpunga. Zinatunza joto vizuri na Misungwi zinatupwa.

Asubuhi chovyeni karatasi ya kupimia pH, yaani kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi. Itasoma chini ya 4. Na hapo ndipo kazi itakaposimama. Bakteria wametia uchachu mpaka uchachu umewashinda wenyewe, na sukari nyingi imebaki haijaliwa. Togwa haiendelei kuchacha bila kikomo kwa sababu hiyo hiyo. Ili waendelee kula inabidi uchachu upunguzwe kadiri unavyotoka, na njia ya tangu zamani ni unga wa mawe ya chokaa. Nasema mawe yasiyochomwa, yale yanayosagwa kwa ajili ya kuku wa mayai, yanapatikana kwenye maduka ya chakula cha mifugo. Chokaa iliyochomwa, ya kupaka ukuta, itawaunguza mikono na kuwaua bakteria. Tieni unga huo kidogo kidogo. Kila mkitia, povu linapanda, hiyo ni kaboni dayoksaidi, kwa hiyo pipa lisijazwe hadi juu na lisifungwe kabisa. Weka pH kati ya 5 na 6. Kwa jaribio hili jumla haitazidi kilo moja na nusu ya unga huo.

Baada ya siku tatu au nne, chemsheni, chujeni kikiwa cha moto, mkiache kipoe usiku. Mkiwa mmefika asilimia 8 ya asidi au zaidi, asubuhi mtakuta kimeganda kama uji uliolala. Yale ni machicha meupe ya kalsiamu lakteti, yaani asidi yenu ikiwa imeshikwa na chokaa. Fanyeni hivyo mara moja muone. Msile wala msimpe mtu, ni jaribio.

Sasa hesabu. Tuseme mnachachusha tani moja ya muhogo uliomenywa, wenye wanga wa robo tani hivi. Wanga huo ukikatwa wote unatoa kilo 275 za glukosi, na kazi ikienda vizuri sana mnapata kilo 240 za asidi. Ili ipatikane, mtakuwa mmetumia kilo 130 za unga wa chokaa. Ili asidi iachane na chokaa, mnahitaji kilo nyingine 130 za asidi ya salfa. Na chokaa ile ikishikana na salfa inageuka jasi, kilo 230, iliyolowa, yenye mabaki ya uchachu ndani yake. Yaani karibu kila kilo ya asidi inazaa kilo ya jasi. Viwanda vikubwa vyenyewe vinahangaika pa kuipeleka. Ninyi kisiwani mtaimwaga wapi? Na ninakuomba sana, mtu asije akawashauri mtumie maji ya betri za zamani kwa sababu ni asidi ya salfa pia. Yana risasi, ile metali yenye sumu, na ikiingia kwenye chakula cha mtu au cha mnyama haitoki kwa kuchujwa kwa kitambaa.

Lakini hata jasi si adui mkubwa. Adui ni maji. Hizo kilo 240 ziko ndani ya lita 2,700 hivi za kimiminika, na karibu chote ni maji. Mnunuzi anataka asidi ya asilimia 80 au 88, kwa hiyo inabidi lita kama 2,400 zikaushwe. Kwa jiko la kuni linalotumia robo tu ya joto lake, hiyo ni karibu tani moja na nusu ya kuni kavu. Kwa muhogo wa tani moja! Miti ya Ukerewe mnaijua hali yake kuliko mimi. Kiwanda kinatumia mvuke wa hatua moja kuchemshia hatua inayofuata, kinavuta hewa ili maji yachemke kwa joto dogo, kwa sababu asidi laktiki ikipikwa ikiwa nzito inaanza kushikana yenyewe kwa yenyewe na kubadilika. Wengine hutumia umeme kuisukuma asidi ipite kwenye utando mwembamba na kuacha uchafu nyuma. Kampuni ya Cargill ya Marekani iliamua kubadili vinasaba vya hamira ili ivumilie uchachu mkali, chokaa na jasi vipungue sana. Hayo yote ni mitambo ya mamilioni ya dola. Na kuipakia asidi nyepesi kwenye madumu mkavuka nayo kutoka Nansio hadi Mwanza ni kulipa nauli ya maji kuvuka ziwa.

Hata aliyeianza biashara hii duniani alikwama. Charles Avery alifungua kiwanda Littleton, Massachusetts, mwaka 1881, akachachusha sukari za mimea kupata kalsiamu lakteti, akitaka waoka mikate waitumie kwenye unga wa kuumulia badala ya kiambato kilichozoeleka. Kuchachusha aliweza, soko halikumpokea. Nalitaja hili kwa sababu inaniuma kuona vikundi vinakopa, vinanunua mtambo, halafu ndipo vinaanza kuuliza mnunuzi ni nani. Hapa kwetu wanaoweza kuitaka asidi hii ni watengeneza vyakula na vinywaji, watu wa ngozi wanaoitumia kuondolea chokaa kwenye ngozi kabla ya kuzitengeneza, na watu wa vyakula vya kuku. Kila mmoja atakuuliza cheti cha usafi kabla ya bei.

Na hiyo plastiki? Mwambie mwanao hivi. Asidi laktiki ina maumbo mawili, L na D, atomi zile zile zilizopangwa kwa kupinduana. Ukitaka plastiki imara inayostahimili joto, unahitaji umbo moja likiwa safi kwa zaidi ya asilimia 99. Lactobacillus plantarum wa kwenye togwa anatoa yote mawili kwa pamoja, na plastiki ya mchanganyiko huo inakuwa dhaifu, inalegea mapema. Ndiyo sababu viwanda vinafuga mbegu moja ya kijidudu iliyochaguliwa, kwenye matenki yaliyooshwa kwa mvuke, na asiingie mwingine. Kampuni ambayo sasa inaitwa NatureWorks ilifungua kiwanda cha namna hiyo Blair, Nebraska, mwaka 2002, kwa mahindi. Thailand wakafungua chao Rayong mwaka 2018, cha tani 75,000 kwa mwaka, kwa sukari ya miwa. Viwanda hivyo vimekaa katikati ya mashamba makubwa na umeme usiokatika.

Kwa sisi wa ziwani kuna la kuongeza. Neno "inayooza" linauzwa kwa wepesi mno. Plastiki hii inaoza kwenye mboji ya kiwandani, penye joto la nyuzi 58 hivi na unyevu, kwa muda mrefu. Maji ya Ziwa Victoria kwa kawaida hayafiki hata nyuzi 30. Mfuko huo ukitupwa ziwani pale Kirumba, Mwanza, utakaa muda mrefu pamoja na wenzake wa kawaida. Asiwepo mtu atakayewaambia kwamba mkitengeneza plastiki hiyo mtakuwa mmeliokoa ziwa.

Basi tuje kwenye maganda, ambayo ndiyo mali mliyonayo. Ganda ndilo lenye sayanidi nyingi zaidi kwenye muhogo, na bichi likiliwa kwa wingi linaua mbuzi. Yakwangueni au myakatekate vipande vidogo siku ile ile ya kumenya. Kukata kunakutanisha sumu na kimeng'enya chake, nayo inaanza kupotea hewani. Yanyaushwe juani siku moja au mbili. Kisha kamata konzi moja, minya kwa nguvu. Maji yakichuruzika, bado. Ukifungua kiganja donge likabaki limeshikana na kiganja kina unyevu tu, yako tayari. Yakimwagika makavu, mmepitiliza, nyunyizeni maji yenye molasesi.

Hapo yashindilieni kwenye pipa la plastiki, tabaka kwa tabaka, mkikanyaga kila tabaka kwa miguu safi hadi hewa itoke. Katika kila kilo 100 nyunyizeni kilo 3 au 4 za molasesi iliyozimuliwa kwa maji kidogo, na lita moja ya togwa. Molasesi ni muhimu kwa sababu ganda lina wanga, na nimeshasema wanga hawali. Funikeni kwa nailoni, wekeni mzigo juu, fungeni hewa isiingie kabisa. Huku hakuna chokaa, kwa hiyo hakuna povu la kutisha. Hapa tunautaka uchachu ule wenyewe uliokuwa kikwazo kule kwenye jaribio. Baada ya wiki 3 pH iwe 4.2 au chini yake. Harufu iwe ya uchachu safi. Likinuka kuoza, au mkikuta ukungu umeingia ndani, tupeni sehemu hiyo. Ukungu wa juu kidogo pembeni ni dalili kwamba hewa ilipenya.

Chakula hicho kitakaa miezi bila jokofu. Nguruwe, mbuzi na ng'ombe wanakipenda, lakini muwazoeshe polepole na kisiwe chakula chote, kwa sababu maganda hayana protini ya maana. Ukerewe protini mnayo mlangoni: vumbi la dagaa na dagaa waliovunjika ambao hawapati bei. Ibadan, Nigeria, watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wamekwenda njia nyingine ya kukwangua maganda, kuyakamua na kuyakausha yawe chakula cha mifugo, nayo inafaa wakati wa kiangazi. Masika maganda yanavunda kabla hayajakauka, na hapo pipa linashinda.

Utumbo na mabaki ya samaki yanachachushwa kwa njia hiyo hiyo, na kwangu hili ndilo lenye pesa kuliko yote, kwa jinsi vizimba vya sato vinavyoongezeka na chakula chake kilivyo ghali. Yasagwe yakiwa mabichi, si ya jana. Kwa kila kilo 100 tieni kilo 15 za molasesi na lita 5 za togwa, mkoroge hadi ichanganyike kabisa, mfunge. Korogeni kila siku kwa siku za mwanzo. Kuna sharti moja ambalo sitaki mlilegeze: pH ishuke chini ya 4.5 ndani ya siku 3. Isiposhuka, fukieni mzigo wote, msimpe hata bata, kwa sababu juu ya hapo bakteria wanaotengeneza sumu ya botulini wanaweza kuota. Ikishuka, nyama inayeyuka yenyewe kwa vimeng'enya vya samaki, mnapata kitu kizito cha kahawia kinachochanganywa na pumba au makapi ya muhogo na kukaushwa. Kabla ya kumuuzia mwenye kizimba, pelekeni sampuli TAFIRI Mwanza, taasisi ya utafiti wa uvuvi, mpate ushauri wa viwango vya kuchanganya. Kwa mambo ya muhogo wenyewe, mbegu zinazostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, waulizeni TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo.

Maji meupe msiyachachushe, sukari yake ni ndogo mno. Yaacheni yatulie usiku kucha kwenye beseni pana. Asubuhi mwageni maji ya juu taratibu, mkwangue wanga uliokaa chini, mkaushe. Na hayo ya juu yasiende ziwani. Yana sayanidi, na yanamaliza hewa ya majini penye vifaranga vya samaki. Chimbeni shimo mbali na kisima.

Magugu maji nilikuwa nimeyaacha. Yanavutia kwa kuwa ni ya bure na yanatukera, lakini katika kila kilo 100 mnazovua, zaidi ya 90 ni maji. Kilichobaki ni nyuzi ambazo bakteria hawazigusi mpaka zipikwe kwa asidi au magadi makali, na sukari yake nyingine ni ya aina ambayo wengi wao hawaili. Vilevile yanafyonza metali nzito kutoka kwenye maji, kwa hiyo yale yanayoota karibu na mji msiyatie kwenye chakula cha mnyama. Yale ya kwenu fanyeni mboji ya shamba la muhogo.

Anzeni na pipa moja la maganda. Niandikie kilo mlizoshindilia, pH ya siku ya 3, ya 7 na ya 21, na kiasi mlichotupa kwa kuharibika. Nikiwa na namba hizo nitakukadiria mapipa mangapi yanatosha maganda yenu ya mwezi, na kama molasesi ya kutoka Kagera italipa ikishavuka ziwa.